Tarakimu Ishirini

Kibanda umiza changu kiko Mbagala, nyuma ya mashine ya kusaga:
mabenchi tisa, feni moja isiyogeuza shingo.
Na jina hilo, umiza, sikulitunga mimi,
nililikuta mjini kama nilivyoikuta njaa.

Mechi ni mia tano.
Filamu ya kutafsiriwa mia tatu, watoto mia mbili.
Ngazi ni buku.
Usiku ule niliandika kwa chaki: buku mbili,
kwa sababu anayepanda ni Mwarami
na Mwarami ni wetu.

Wetu kabisa. Geti la msikiti kalichomelea yeye,
na benchi hili la mbele, mguu ulipokatika,
aliliunga akasema, utanilipa ukipata.
Sikuwahi kupata.
Mpaka usiku ule.

Mnaijua Ngazi. Ghala la Chang'ombe, taa za bluu,
vipago arobaini kwenda juu, kimoja kimekatwa kwa ndani,
na chini hakuna wavu. Kuna sakafu.
Mtangazaji ana suti nyeupe na sauti ya kubembeleza mtoto.
Anasema, "Amesaini mwenyewe,"
nasi tunaitikia kama watu walio kwenye dua.
Amesaini, ndiyo. Deni la mtambo,
kodi ya miezi saba, figo za mamaake.
Kalamu ilikuwa yake. Mkono, sijui.

Kipago cha kumi na nne akasimama,
akagonga chuma kwa ukucha, akatega sikio.
Akapita. Akagonga kingine.
Tukacheka kwa fahari: fundi huyo, anaongea na chuma!
Kuna waliowekea dau cha ishirini na sita,
kuna waliowekea thelathini na moja.
Shemeji yake aliweka thelathini na tisa,
akasema ni kumtakia heri.

Ishirini na tano. Akagonga.
Akagonga tena. Akageuka akaitazama kamera,
yaani akatutazama sisi,
na hakuwa anaomba. Alitazama
kama fundi anavyomtazama mwenye nyumba
kabla hajataja bei.

Giza.

Luku imekata.

Hapo ndipo nilipotusikia.
Washa! Kimevunjika? Washa bwana, rudisha hela!
Kimevunjika, walisema, kipago.
Jina la mtu hakuna aliyelitaja.

Nikanunua umeme kwa simu, kwa hela yao hiyohiyo.
Tarakimu ishirini, tochi mdomoni, kidole kinateleza.
Sita. Nne. Nane.
Nikawaza: kwenye giza hili bado amesimama.
Nikawaza tena, upesi, kama anayefunika sufuria:
kule taa zinawaka, kidole changu hakimshiki wala hakimsukumi.
Moja. Saba. Sifuri.

Mlangoni harufu ya mafuta ya kukaangia. Siwema, mkewe.
Muda wote alikuwa nje na mihogo yake,
kauza kwa kila aliyeingia, mwenyewe kagoma kuingia.
Hakuuliza kitu.
Alininyooshea noti mbili, zimelowa mafuta.

Nikautoa tochi mdomoni. Shemeji, wewe pita tu.

"Wote wamelipa," akasema.

Nikazipokea.

Kumi na tisa. Imebaki moja.
Watu hamsini wananipumulia kisogoni
na mimi ningeweza kukosea. Mtu hukosea,
gizani, na macho yangu haya.

Sikukosea.

Feni ikaanza kunung'unika. Kioo kikawaka:
tangazo la sabuni. Shuka jeupe linapepea kambani,
mama anacheka, mtoto anakimbia katikati ya shuka.
Hatukupiga kelele. Tulilitazama lote,
kwa adabu, mpaka bei.

Siwema alikuwa ameketi benchi la mbele,
upande wa mguu ulioungwa.
Lilimbeba.
Halikulia hata kidogo.